Polycarpe na Yule wa Saba wa Dorrance

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio barabarani mkielekea zamu, na nyinyi wa Pearland mnaotufuata kwa simu, nawasalimu. Ni Lydiah Mwenda, hapa Arlington, Texas. Leo hatufungui kwa muziki. Leo tunamkumbuka Polycarpe Nzisabira, Mrundi wa Grand Prairie, mfanyakazi wa ghala, aliyefariki tarehe kumi na moja Julai mwaka huu wa 2020. Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: Polycarpe Nzisabira, miaka hamsini na minane, hatunaye tena.

Alikuwa mkaidi. Nalisema kwa upendo, na mke wake, Marie-Goretti, amenipa ruhusa. Ukimwambia Polycarpe jambo haliwezekani, alikuwa anatikisa kichwa kukubali, halafu anakwenda kulifanya. Na ukaidi wake mkubwa kuliko wote haukuhusu Burundi wala Grand Prairie. Ulihusu kaunti moja ya mashambani, mwendo wa saa mbili magharibi ya Fort Worth, inaitwa Dorrance. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia.

Yote yalianza na mbuzi. Mnajua mambo yetu. Ubatizo, harusi, mtoto amemaliza shule, lazima mbuzi, na yule wa kwenye friji la dukani hatumtaki. Kwa hiyo Jumamosi Polycarpe alikuwa anapanda gari la rafiki yake Kiplagat, nesi Mkenya wa hapa Arlington, wanakwenda Dorrance kununua mbuzi kwa mama mmoja mzungu, Loretta Gaines. Mama wa miaka sabini na kitu, kofia kubwa, maneno machache, anaishi peke yake kwenye shamba la ukoo wake. Aliwaruhusu wachinje palepale, kando ya mto, penye miti ya pekani. Palikuwa na jiwe bapa, pana kama meza. Miaka miwili wanaume wetu walichunia mbuzi juu ya jiwe lile. Walipasua, walikata, walimwaga matumbo, damu ikashuka hadi kwenye nyasi. Walichoma figo wakazila wamesimama, wakicheka.

Septemba 2017 mvua ilimega ukingo wa mto, jiwe likalala upande. Mbuzi ameshachinjwa nyasini, Polycarpe na Kiplagat wakalisukuma walisawazishe. Likapinduka. Upande wa chini ulikuwa na maandishi. Kiplagat akapiga magoti, akafuta udongo kwa kiganja, akasoma. Majina sita. Elam Tuttle. Mkewe Susannah. Watoto wao wanne, mdogo kabisa miaka mitatu. Wote tarehe moja: saba Machi 1858.

Polycarpe alikuwa bado ameshika kisu. Akaangalia mikono yake, imejaa damu hadi viwiko. Akakiweka kisu chini.

"Tumechinja juu ya watu," akasema.

"Mzee, hatukujua," Kiplagat akamwambia.

"Hatukujua, ndiyo. Lakini tumechinja."

Akachukua maji yote ya kunywa waliyokuja nayo, akavua shati, akalisugua jiwe kwa shati lile mpaka likawa jeupe. Siku hiyo nyama hakuigusa. Walipomuuliza Mama Loretta, akajibu kwamba ilikuwa kipindupindu, ndivyo wazee walivyomwambia. Ndani ya gari Polycarpe alimwambia Kiplagat, "Watu sita hawafi siku moja kwa kuhara. Mimi najua watu wanavyokufa siku moja."

Wasikilizaji, hapa ndipo penye damu. Mwenye mtoto mdogo karibu amwondoe kidogo.

Kiplagat alikwenda Ansley, makao makuu ya kaunti, akaomba karatasi za kale mahakamani. Akazisoma kwa sauti, Polycarpe kando yake akiandika kwenye daftari. Kaunti ya Dorrance iliundwa mwaka 1856. Makao yake makuu ya kwanza hayakuwa Ansley. Yalikuwa pale mtoni, kijiji cha Pecan Ford: duka moja, mfua chuma mmoja, na nyumba ya magogo ya karani, Elam Tuttle. Vitabu vya kaunti, vya mashamba, vya ndoa na vya alama za ng'ombe, vilikaa chini ya kitanda chake. Na enzi zile, penye vitabu ndipo penye kaunti. Watu wa Ansley walitaka makao makuu yahamie kwao. Kura ikapigwa. Wakashindwa kwa kura kumi na moja tu. Basi wakaamua kuja kuvichukua kwa nguvu.

Walikuja Jumapili asubuhi, wanaume ishirini, na magari mawili ya farasi. Tuttle akasimama mlangoni, akasema vitabu havitoki bila amri ya jaji. Wakampiga risasi ya shingo. Wakapita juu yake, wakabeba vitabu wakapakia. Ingeishia hapo, labda tungesema wizi. Lakini mmoja wao alisema hawataki mashahidi. Wakaukomea mlango kwa nje, wakatia moto paa. Watoto walipoanza kurukia dirishani, kila aliyegusa ardhi alipigwa risasi. Watatu, mmoja baada ya mwingine. Mama yao alitoka dirishani na nywele zinawaka, wakampiga naye. Mfua chuma aliona yote. Alikuwa amejificha chini ya ukingo, maji yamemfika kifuani.

Kesi ilifunguliwa wapi? Ansley. Mbele ya wauaji wenyewe. Ilifungwa siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, jiwe lina majina sita. Lakini mfua chuma alihesabu maiti saba. Wa saba alikuwa mtumwa wa akina Tuttle, msichana. Yeye alikuwa nje tayari, kisimani, angeweza kukimbia. Akaingia motoni kupitia dirisha lile kumfuata yule mtoto wa miaka mitatu. Walikutwa wameungua pamoja. Mfua chuma hakutaja jina lake, na aliyechonga jiwe hakumweka.

Kwa Warundi kuna kitu kinaitwa kuganduka. Mtu akifa, baada ya mwaka hivi, ndugu wanakutana, wanakunywa pamoja, wanamtaja marehemu, matanga yanaondolewa, watu wanarudi kwenye maisha yao. Bila hivyo msiba uko wazi. Polycarpe akasema hawa msiba wao uko wazi miaka mia moja na sitini, na sisi tumekula nyama juu yake, kwa hiyo kuuondoa ni juu yetu. Jamaa wakakubali. Wakasema tuwatajie hao sita yaishe. Akakataa. Huwezi kuondoa matanga ya nyumba ukamwacha mmoja ndani.

"Nilimwambia, Baba Mélissa, huyo msichana si ndugu yako," Marie-Goretti ananieleza; Mélissa ni binti yao. "Akasema, ndugu zake wako wapi, waje basi, mimi nikalale."

Wakarudi Ansley. Karani wa sasa, mtu mwema, akawaambia jina la mtumwa lingekuwa kwenye orodha ya mali ya Tuttle, na kitabu chenye orodha hiyo hakijawahi kufika mahakamani. Akawaonyesha pia jina la aliyeongoza uvamizi. Silas Gaines. Ndiyo, Gaines. Babu wa babu yake Mama Loretta.

Aprili 2018 Polycarpe alikwenda kumwuliza. Kiplagat alimwomba asiende. Akaenda. Akamweleza mama yule yote, kwa Kiingereza chake cha ghalani, palepale barazani. Mama Loretta aliingia ndani, akatoka na bunduki.

"Familia yangu imelisha kaunti hii yote," akasema. "Toka kwangu."

Polycarpe hakutoka. Risasi ya kwanza ilipiga changarawe mbele ya miguu yake, kipande kikamchana shavu. Ya pili ilimpata mbuzi jike aliyekuwa nyuma yake, mbuzi wa mama mwenyewe, akaanguka akipiga mateke. Damu ya shavuni ikamwingia Polycarpe mdomoni. Kiplagat, aliyekuwa ndani ya gari, anasema yeye alishalala chini ya usukani akisali sala zote anazozijua.

"Mama, sitaki shamba," Polycarpe akasema. "Sitaki kesi. Nataka jina la yule msichana. Basi."

Halafu akageuka akatembea hadi kwenye gari. Taratibu. Kovu la shavu alikufa nalo.

Mwaka na nusu ukapita kimya. Novemba 2019 simu ikalia ghalani. Mama Loretta. Alikuwa amevunja kufuli la kasha la babu zake. Kitabu kilikuwamo. Akakisoma kwenye simu, na Polycarpe amesimama katikati ya maboksi, msimamizi anamfokea arudi kazini. Orodha ya mali ya Elam Tuttle: nyumbu wawili, plau moja, sufuria tatu za chuma, na Dicey, miaka kumi na tisa.

Dicey. Baada ya sufuria. Polycarpe alilia mbele ya wanaume wenzake bila kujificha.

Februari mwaka huu waliganduka. Watu sitini, kutoka Arlington, Grand Prairie, hata gari moja kutoka Houston. Jina la Dicey lilikuwa limechongwa chini ya yale sita. Wakamimina pombe ya mtama. Polycarpe akataja wote saba. Kisha Mama Loretta akavua kofia, akasema, "Aliyewaua ni Silas Gaines. Wetu." Marie-Goretti akampa kibuyu, akanywa.

Mwezi uliofuata korona ikaingia. Ghala halikufungwa hata siku moja. Mwishoni mwa Juni Polycarpe alianza kukohoa. Siku kumi na mbili hospitalini, nane kati yake kwenye mashine ya kupumulia, mkewe akimwona kwa simu tu. Tarehe kumi na moja Julai akaondoka.

Binti yake Mélissa, miaka ishirini, ndiye aliyeandika wasifu wa kusomwa makaburini. Akafika mahali pa ndugu waliomtangulia. Alijua walikuwepo. Alijua kwamba Oktoba 1993 watu walikuja na mapanga nyumbani kwao Polycarpe, Ruyigi nchini Burundi, mwenyewe akiwa shambani, na aliporudi alikuta mama yake na ndugu zake watano wamelala uani. Mélissa akamwuliza mama yake majina. Marie-Goretti alikutana na Polycarpe kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, baada ya hayo yote. Alijua majina mawili. Wakapiga simu Tanzania, wakapiga Bujumbura. Hakuna aliyebaki wa kujua. Wakafungua daftari lake. Kurasa arobaini za Dorrance, kwa mwandiko mzuri. Za nyumbani kwao, hata mstari mmoja.

"Aunty Lydiah, Daddy ali-travel saa mbili kila mara kutafuta jina la Dicey," Mélissa aliniambia. "Mimi nilikuwa chumba cha pili. I never asked. Na yeye hakusema."

Wasifu ulisomwa hivyo: mama yake, majina mawili, na wengine watatu.

Marie-Goretti, Mélissa, Kiplagat, na nyote mliofanya kazi naye, poleni sana. Mungu amlaze pema. Najua wengi mnaonisikiliza mna wazee nyumbani ambao wamekaa kimya, na mmewaacha na kimya chao kwa kuwahurumia. Polycarpe naye tulimhurumia. Kipindi kimebakiza dakika tano, na nilikuwa nimewaandalia wimbo. Siupigi. Zimeni redio, mkawaulize majina.