Puto la Watu Wawili

Benchi lenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa misumari juu ya magogo, lililoegemezwa kwenye ukuta uliotenganisha cherehani ya Pindo na kiti cha kinyozi Wembe. Ukikaa kulia unasikia cherehani, ukikaa kushoto unasikia mashine ya kunyolea, ukikaa katikati husikii chochote ila ubishi. Mwisho wa benchi kuna meza ya Mama Birika, na sheria yake ni moja tu: asiye na kikombe mkononi hana sauti. Zamani hapo palibishaniwa mpira na bei ya sukari kama kwingine kokote duniani. Lakini kwa miezi saba iliyopita watu wazima wenye akili zao na ndevu zao walikuwa wakibishania mawe, tena mawe yenyewe si ya kushikika. Yalikuwa ndani ya simu ya Pindo.

Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna pindo la suruali aliloshona likafumukia barabarani. Ukiondoa lile la bwana harusi, ambalo hawakumwacha alisahau. Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, aliyekaa na mama yake mji mwingine, safari ya basi kutwa nzima. Likizo aliyokuja mwisho, binti alimwekea baba yake mchezo kwenye simu, akamfundisha. Una kisiwa chako. Unavunja mawe, mawe yanatoa changarawe, changarawe mia unabadilisha kwa kito kimoja, na ukifikisha vito elfu tatu unapata puto kubwa la watu wawili, linapaa mpaka kisiwa cha mawinguni. Mchezo ni wa bure kabisa, hulipi hata senti. Unalipa kwa kidole.

— Baba, tukilipata tutapanda wote, binti alisema.

— Utalipata, Pindo akajibu, kwa sauti ile ile anayowaambia wateja waje Ijumaa. Tofauti ni kwamba hii aliimaanisha.

Peke yake angezeeka kabla ya kufika, kwa hiyo benchi likaingilia kati na kupanga zamu. Asubuhi Pindo mwenyewe, kabla wateja hawajaja. Mchana simu alikwenda nayo Mita, msoma mita za maji, kwa kuwa mchezo ulitoa vito kwa hatua za miguu, na Mita alitembea nyumba hadi nyumba mpaka soli zikaomba radhi. Jioni ilishikwa na Wembe, ambaye katikati ya kichwa na kichwa alivunja mawe na kutazama matangazo, maana kila tangazo lilikuwa na kito chake. Walipofika vito elfu mbili na mia tisa, bei ya puto ikapanda ikawa elfu nne. Benchi zima lilinuna siku tatu, halafu likaendelea.

Na leo ndio ulikuwa mwisho. Dukani mwa mchezo mlikuwa na saa inayorudi nyuma: ikifika kumi na mbili jioni puto linaondolewa, na halirudi tena. Sasa ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Pindo alikuwa mlangoni na sare za shule thelathini mbele yake, mguu ukikanyaga cherehani, sikio likiwa kwenye benchi. Hakutaka mtu amwone alivyo na wasiwasi. Siku hizi binti hakuutaja mchezo kabisa. Jumapili Pindo alipompigia simu, binti alikuwa anajibu "sawa, baba" na "nzuri, baba", kisha kimya, na Pindo aliona ukimya ule ukirefuka wiki hadi wiki. Alidhani mtoto anakua, anamchoka. Aliamini siku atakapomwambia puto lipo, yule binti wa likizo atarudi. Alikuwa amemkumbuka mpaka juzi alishona vifungo vya shati mgongoni.

— Bado mia mbili na kumi, Wembe alitangaza bila kuinua macho. Ndani, mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa bado amekaa, taulo shingoni.

— Unagonga kwa tamaa, Mita akamwambia. — Mchezo unakuona.

— Unaniona wapi?

— Mchezo unajua kuwa una shida. Ukionyesha shida, unabaniwa. Mimi nikitembea nao naangalia pembeni, kama sina habari. Vito vinakuja vyenyewe.

— Ndiyo maana mita yangu unaisoma vibaya kila mwezi, Mama Birika akadakia. — Kumbe unaangalia pembeni.

— Mama, hayo ni ya kazini.

— Tatizo ni chaji, Wembe akasema. — Nimechunguza. Chaji ikishuka chini ya ishirini, mawe yanakuwa magumu. Jiwe la kugonga mara tatu unaligonga mara saba.

— Hapo ni kidole chako kimechoka.

— Kidole hiki kimenyoa vichwa miaka kumi na tisa, Mita. Usikiseme.

Mita akapuliza kahawa yake taratibu, na wote wakajua kuna nadharia inakuja. Mita alikuwa mtu wa kukaa peke yake na namba kutwa nzima, na mtu wa namna hiyo akipata benchi humwaga yote.

— Kuna mtu anatuangalia kupitia ile kamera ya mbele. Hilo sina shaka nalo. Mimi kila nikipokea simu namwamkia kwanza. Shikamoo. Siku moja nikasahau. Nilitembea mitaa sita, nikapata kito kimoja.

— Unaiamkia simu? Mama Birika akauliza.

— Namwamkia anayeangalia.

— Kwa nini shikamoo?

— Umri wake siujui, mama. Nimwambie mambo vipi, halafu awe mzee wa watu?

Wembe akacheka mpaka akakosa mawe mawili, na Pindo akakohoa kutoka mlangoni, kikohozi cha kumkumbusha mtu kazi.

— Ngapi? akauliza.

— Mia mbili na tano. Subiri, tangazo hili. Nepi tena. Leo nimetazama nepi mara kumi na nne. Mimi sina mtoto mchanga, simu inajua nini ambacho mke wangu hajaniambia?

— Mke wako ana siri nyingi, Mama Birika akasema. — Hiyo si mojawapo. Nyie wote hamjaelewa. Hayo mawe yanajazwa na mtu. Kuna ukumbi mahali, wamekaa watu, kila mmoja ana ndoo ya changarawe. Wewe ukivunja, yeye anatia. Saa hizi wanafunga kazi, wamechoka. Ungeamka alfajiri ungewakuta wana nguvu.

— Watu wangapi hao? Wembe akauliza. — Dunia nzima inacheza.

— Ukumbi ni mkubwa.

— Hapana, Mita akasema, akaweka kikombe chini. — Nimefikiria sana hili. Mawe ni ya kweli. Kila tukigonga hapa, kuna mashine mahali inagonga mlima. Sisi tunamjengea mtu barabara, ndugu zangu, na hatumjui.

Jambo hilo lilikuwa na uzito. Wembe mwenyewe alipunguza kasi, kama anayeogopa kuangusha kitu kwenye nyumba ya watu.

— Miezi saba, akasema. — Itakuwa imefika mbali hiyo barabara.

— Ina lami tayari.

— Basi mwenye barabara atupe puto letu na yeye aende zake.

Hapo ndipo alipofika dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye mabega mapana na koti la kazi mkononi lililokatika zipu. Hakuwa mtu wa benchi. Aliwasalimu, wakaitikia, Pindo akapokea koti na kumwambia akae dakika ishirini. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya katikati. Mama Birika akampa kikombe ili apate haki ya kusema, lakini yeye alikunywa tu, akichungulia simu begani kwa Wembe.

— Mnafanya nini?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja. Alisubiri wamalize, kwa subira ya mtu anayebeba watoto arobaini asubuhi na jioni.

— Kwa hiyo mnavunja mawe mpate changarawe, mpate vito, mpate puto.

— Hasa.

— Na mchezo wenyewe mnaucheza saa ngapi?

— Ndiyo huo tunaucheza.

Dereva akatikisa kichwa taratibu, jinsi anavyokitikisa akiambiwa na mtoto kwamba daftari limesahauliwa nyumbani. Akaendelea kutazama. Kwenye kioo kulikuwa na mtu mfupi mwenye sururu, ameinamia jiwe, akigonga. Jiwe lilipovunjika, lingine likaota pale pale, naye akagonga.

— Na huyu mtoto?

— Mtoto gani? Wembe akauliza.

— Huyu wa kofia ya njano. Nyuma ya mtu wenu.

— Ah, huyo. Huyo yupo tu.

— Yupo tu vipi?

— Kila siku saa hizi anakuja, anasimama hapo. Kama nusu saa hivi, halafu anaondoka. Ni pambo la mchezo. Kama wale ndege na ile minazi. Mwanzoni alikuwa anaruka ruka sana, mpaka anakera. Siku hizi ametulia, anasimama tu.

Cherehani ikanyamaza.

Pindo alitoka mlangoni na koti la watu mkononi. Hakuna mtu wa benchi aliyekuwa akijua habari ya ile kofia. Vito arobaini vya kwanza, kabla ya puto, kabla ya zamu, binti alivitumia kumnunulia kofia mtu wake wa mchezoni, na ilichukua mchana mzima kuichagua, wamelala kifudifudi juu ya mabaki ya vitambaa, yeye akitaka ya bluu na binti akisema bluu haionekani kwa mbali. Alisema anataka baba amwone kwa mbali.

— Mbona hana jina juu ya kichwa? Pindo akauliza. Sauti yake haikuwa yake.

— Majina niliyazima, Wembe akasema. — Yanakula chaji. Na vile vijibarua vinavyojitokeza, navyo nilivizima. Vilikuwa vinaziba mawe.

— Lini?

— Nilipoanza zamu. Nikaona nikuongezee kasi. Wembe akamtazama usoni, na tabasamu lililokuwa likianza likaisha. — Pindo. Kuna nini?

— Saa hizi ndiyo anatoka shule. Mama yake humpa simu nusu saa, naye huingia kisiwani.

Mita, ambaye kwa kawaida kila pengo la kimya alikuwa na la kulijaza, alitazama ndani ya kikombe chake kilichokwisha. Pindo alikumbuka kila "sawa, baba" ya kila Jumapili, na akaona aibu, aibu hasa, ya kumfanya mtu atake kukaa chini. Hakuwa amechokwa. Alikuwa amesubiriwa miezi yote hiyo, na badala ya kugeuka alikuwa ameajiri watu wa kumpa mtoto mgongo kwa zamu.

— Basi mgeuzeni amwone, dereva akasema. — Kitufe cha kumgeuza ni kipi?

Wakatazamana. Wembe alijua kitufe cha sururu na kitufe cha matangazo. Mita alijua tu kuitia mfukoni na kutembea. Pindo alijua vyote hivyo, na alijua kubadilisha changarawe akiwa amefumba macho. Lakini kumgeuza yule mtu atazame nyuma, hakuna hata mmoja aliyewahi kuhitaji. Binti alimfundisha siku ya kwanza, hilo alilikumbuka, na alikumbuka kwamba walikuwa wanacheka.

— Nipe, akasema.

Simu ilikuwa ya moto kama pasi. Akagusa kitufe cha kwanza, yule mtu akala ndizi. Akagusa cha pili, akauza ngazi.

— Puto bado mia moja tisini na nane, Wembe akasema kwa unyonge, kwa mazoea tu. — Na saa inakwenda.

— Nyamaza, Wembe, Mama Birika akasema.

Mteja wa nusu kichwa alikuwa ametoka nje na taulo lake, akasimama nyuma ya benchi na kunyoosha shingo. Pindo akagusa cha tatu. Yule mtu akaachia sururu, akaruka. Mgongo ule ule, hakugeuka, lakini aliruka, miguu yote miwili hewani.

Kofia ya njano haikutikisika. Wote sita walikuwa wanaitazama, na Mita alikuwa ameshika bega la dereva bila kujua. Halafu kofia ikaruka, mara moja, kidogo, ya kujaribu.

— Ruka tena, dereva akasema.

Pindo akaruka mara mbili. Zikarudi mbili. Akafuta jicho kwa kiganja cha mkono, akakosea na kula ndizi nyingine, akarudi kwenye kitufe chake na kuruka tatu.

Zikarudi nne.