Vitenge vya Arusi Juu ya Ukuta wa Bwawa

Ndugu zangu wa kikundi cha sala, mi ni fundi cherehani, nimezoea kuinama, si kusimama mbele ya watu. Munisamehe nikiangalia chini. Yule mama wa karibu na dirisha ameanza kucheka kabla sijafungua kinywa, kwa sababu anajua habari ninayoleta. Ana haki ya kucheka.

Munajua ninapokaa, hapa Ruziba, karibu na lile korongo linaloshuka kutoka milimani. Zamani, mvua ikinyesha kule juu, maji yalikuwa yanatushukia yote kwa mara moja, hata kama kwetu jua linawaka. Mwaka ule yalikuja muchana, tukatoka mbio na watoto. Yalibomoa chumba cha kazi na kuchukua mashini yangu ya kushona. Mpaka leo sijui iko wapi, labda samaki wa ziwa wanajishonea. Tulibaki na chumba kimoja cha nyuma.

Lakini mashini ilikuwa yangu. Mutu analia cha kwake, kisha analala. Kilichonimaliza ni vitenge.

Huyo mama wa dirishani alikuwa anaozesha binti yake. Munajua desturi yetu: mashangazi, wamama wadogo, majirani, wote wanavaa kitambaa kimoja siku ya arusi, na wote wanakipeleka kwa fundi moja ili mishono ifanane. Fundi mwenyewe alikuwa mi. Vitenge vya kijani vyenye maua ya njano. Nilikuwa nimemaliza kuwapima, bado kukata. Maji yalipoondoka, nilivikuta chini ya meza, vimekunywa matope mekundu. Niliviosha, nikaviosha tena. Alama haikutoka, na arusi ilikuwa juma lile lile.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuharibu kitu cha mutu. Maji hayakuniuliza. Lakini haya haisikilizi sababu. Nikiwaza wale wamama wanaingia kwenye arusi, mbele ya wakwe, kila mutu na nguo yake ya siku zote, uso ulikuwa unaniwaka. Nilimutuma muke wangu avirudishe. Mi nikaingia kile chumba cha nyuma, nikafunga mulango. Nikamuambia, mutu akiniuliza, sema nimeenda Uvira kutafuta kazi.

Muke wangu aliusema uongo huo siku nyingi, huku anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, barabarani ili tule. Mi nilikaa ndani kama muzigo. Hata kukohoa nilikuwa nakohoa ndani ya muto wa kulalia. Mama wa bibi arusi alikuwa anapita Jumapili kutusalimia, na kabla ya kuondoka anainua sauti kidogo, anamuomba muke wangu awasalimie watu wa Uvira. Nilidhani ameamini.

Kisha watu wa korongo waliamua kujenga bwawa. Si bwawa la samaki. Ni ukuta wa udongo unaokata korongo, na bomba chini yake, ili maji yakishuka kwa fujo yasimame kwanza, halafu yatoke polepole. Agronome, yule bwana wa kilimo, aliwaonyesha namna. Wanaume wanachimba na kubeba, wamama wanakanyaga. Unamwaga udongo kidogo, unanyunyizia maji, unakanyaga mpaka muguu hauachi alama tena, ndipo unaongeza mwingine. Ukienda haraka, maji yanapita katikati na ukuta unaanguka. Kazi ilikuwa Jumamosi asubuhi, kila nyumba inatoa mutu moja, na kwetu alikuwa anaenda muke wangu. Alikuwa anarudi miguu imepasuka.

Jumamosi moja aliamka na homa, na bado alikuwa anajifunga kanga aende. Nilimuambia alale. Nikavaa kofia mpaka machoni, nikapita nyuma ya mashamba ya muhogo, nikijisemea nitachimba pembeni, na atakayeniuliza nitamuambia nimefika jana.

Nilipotokea juu ya korongo, nilisimama. Wamama walikuwa kwenye ukuta, mustari moja, wanaimba na kukanyaga. Na wote kabisa walikuwa wamejifunga vitenge vya kijani vyenye maua ya njano. Havikukatwa, havikushonwa, na ile alama ya matope iko pale pale; muke wangu hakuwahi kuniambia. Nilisikia haya, nikavuta kofia chini zaidi. Nilitaka kurudi.

Mama wa bibi arusi aliniona. Hakuacha kukanyaga.

"Karibu kutoka Uvira," alisema. "Kikohozi kimepona? Maana tulikuwa tunakisikia dirishani kila siku."

Walicheka wote. Kumbe walijua tangu mwanzo. Mutaa muzima ulijua, ukamuachia muke wangu uongo wake bila kumuaibisha. Nililia pale, mutu muzima na kofia yangu. Nilimuuliza kwa nini wamevaa vitenge vile.

"Tuliahidiana tutavivaa siku moja sisi wote," akanijibu. "Ile ya arusi ilipita. Tuliyo nayo ni hii. We vua viatu."

Nilivua. Agronome akasema wanaume ni wa kubeba. Yule mama akamuambia aniache, fundi cherehani amekanyaga maisha yake yote.

Ukuta uliisha kabla ya mvua kubwa. Siku ilipokuja, tulisimama kule juu na maturubai kichwani. Maji yalishuka na kelele zile zile, yakagonga ukuta, yakapanda, nikawaza yatapita juu. Apana, hayakupita. Yalikaa, na huku chini yakatoka kwa bomba, taratibu, yakafuata mutaro mpaka ziwani. Nyumbani nilimukuta muke wangu anapika, na sakafu kavu.

Namushukuru Mungu. Namushukuru muke wangu, aliyebeba uongo wangu na kukanyaga udongo kwa zamu ya nyumba yetu. Namushukuru fundi wa Mutakura aliyeniazima mashini yake ya zamani mpaka nikajipatia yangu. Na ninyi wamama. Mutu akipata hasara asijifungie ndani. Wale unaowakimbia wanakusikia unakohoa, wanakungoja.

Juzi niliomba vitenge vile nivishone sasa, mishono ifanane kama tulivyopatana. Mama wa dirishani alikataa. Alisema havikatwi, maana mvua ikila ukuta watavaa nini kuukanyaga?

Na mvua imeula kidogo, Jumamosi hii tunaongeza udongo. Shangazi moja alihamia Cibitoke, akaacha kitenge chake. Wamenipa mi. Kujifunga kitenge cha wamama mbele ya mutaa muzima, ndugu zangu, siwafichi, nasikia haya. Jumamosi nitakifunga.