Barua Isiyo na Salamu

Bwana asifiwe, wapendwa! Aliyenitoa kwenye mtego ule asifiwe tena.

Mnanijua. Mimi ndiye mwenye duka la spea za baiskeli hapa Mpanda. Nilianza na pampu moja kwenye ukuta wa nyumba ya watu, darasa la pili sikumaliza, na leo baiskeli za Mishamo mpaka Mamba zinatembea kwa minyororo yangu. Sijisifu bure, ndugu zangu, mnaziona wenyewe. Ila nilikuwa na kiburi. Kusoma nababaisha, na sikutaka mtu ajue. Barua za duka kubwa la Tabora linaloniletea mali nilizitambua kwa mhuri. Nikiuona mhuri wa buluu, nimeamini.

Wale wa Tabora walinipa kadi yenye namba na alama ya dole gumba langu. Aliye na kadi hiyo anachukua mzigo stesheni bila kuulizwa neno. Kadi hiyo ndiyo duka langu lote.

Jumatatu moja ikaja barua. Mhuri upo. Nikasoma kwa shida: kadi zimekwisha muda, mkabidhi mjumbe wetu aliyefikia gesti ya karibu na stesheni, mwisho Jumatano, la sivyo hupati mzigo tena.

Ndugu zangu, sikutulia. Nafungua duka, nafunga, nafungua tena. Mteja anaomba tairi, mimi nampa pedeli.

Jumatano asubuhi nikatia kadi mfukoni, nikapanda baiskeli. Mke wangu, mama Neema, akashika keria ya nyuma.

"Baba Neema, unakwenda wapi na uso huo?"

Nikamweleza. Akasema, "Nipe niisome." Nilitaka kukataa. Moyo ukanibana, nikampa.

Akasoma, akaguna. "Huyu mtu hajakusalimia."

"Ana haraka."

"Mzee mwenye duka la Tabora ana haraka lini? Barua zake huwa naziona mezani, anauliza hali ya mama, watoto, mvua, ukurasa mzima, ndipo anataja spoki. Huyu hata jina lako halijui. Kaandika 'mteja'."

"Na mhuri?"

"Mhuri hata mimi nauchonga kwenye kandambili yako."

Nikashuka kwenye baiskeli. Tukaenda posta, tukapiga simu kwa namba iliyo kwenye risiti zetu za zamani, siyo ile ya kwenye barua. Mzee akapokea mwenyewe: "Mwanangu, sijatuma mtu. Kadi usiitoe."

Tulipofika gesti na polisi, mjumbe ameshahama. Mwenye duka mwenzangu wa Kibaoni alikuwa amempa kadi yake jana yake, na mzigo wake wote ukachukuliwa. Yangu hii hapa, iangalieni.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa kwa mdomo wa mke wangu. Siku hizi nikipokea bahasha, naisoma mbele ya mtu. Ndugu zangu, barua ikikukimbiza, ikakutaka utoe kitu kinachofungua duka lako, usiijibu. Mtafute yule anayetajwa kuituma, kwa njia unayoijua wewe. Na kama kusoma kunakupiga chenga kama mimi, mtegemee Bwana na usione haya kuuliza. Mwenye barua ya namna hiyo mfukoni, asitoke nayo hapa hivi hivi. Mke wangu amekaa benchi la pili.