Mzee Onja, Aliyeyajua Maji kwa Ulimi

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake, aliyelala mbele yetu ni Mzee Onja. Jina la kwenye kitambulisho alilitumia benki tu. Kwingine kote aliitwa kwa kazi ya ulimi wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa kifungua mimba wa dereva wa lori la maji na mshona nguo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Mwalimu wa jiografia alipouliza maji hupatikana wapi duniani, alinyoosha mkono upesi: "Kwenye lori la baba!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alijaza ndoo, akachota kikombe kimoja, akasema, "Yaliyobaki ndooni yote ni ya chumvi. Matamu ni haya ya kikombe, na mengi yake ni barafu, mbali na hapa. Yetu ni haya ya kitakoni mwa kikombe, na karibu yote yako chini ya miguu yenu." Marehemu alisimulia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akinyata, kana kwamba kuna mtu amelala chini.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuchimba visima, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2011. Kwetu hapa, karibu na bahari, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichimba kupita kiasi, au ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda. Kwa hiyo kila kisima alikionja asubuhi kabla hajanywa chai, na akishapata maji matamu, mtambo unazimwa. "Ukipata, shukuru, simama," aliwaambia wanafunzi wake. "Chumvi iko chini hapo, na wala haina haraka."

Alifunga ndoa tarehe 5 Juni 1976. Siku ya kwanza ukweni alipewa glasi ya maji, akaonja, akasema bomba lina kutu. Binti akamuuliza, "Kaka, umekuja kuchumbia au kukagua?" Bomba lilibadilishwa, posa ikapokelewa. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na Agosti mwaka uliofuata alilazwa. Akiwa hospitalini, mwanawe wa pili, aliyerithi kazi yake, alikiongeza kina kisima cha nyumbani na kufunga pampu kubwa. Hakufanya kwa ubaya, jamani! Kiangazi kilikuwa kikali, majirani wamepanga ndoo langoni, na alitaka mzee akirudi asikose maji ya kuoga. Mzee akarudi, akanywa funda moja, akatema.

"Nani ameshuka chini?"

"Ni dawa, baba," mwanawe akajibu. "Daktari alisema zitakuharibu ulimi."

Na kweli daktari alisema. Wengine hawakusikia ladha yoyote, maana chumvi ilipanda kidogo kidogo na ndimi zikaizoea. Basi nyumba nzima ikawa inambembeleza kama mtoto na kumwongezea sukari. Alifoka. Mwishowe alilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Alifariki tarehe 3 Novemba 2024, asubuhi, mwanawe huyo akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Zima pampu."

"Tanki halijajaa, baba."

Tangu hapo pampu haikupumzika, kwani wageni ni wengi na msiba unataka maji.

Leo asubuhi chai imemwagwa. Mliokuwa jikoni mmeona: mpishi alionja, akaonja tena, akamwita mkwe wa marehemu, naye akaonja, akakiweka kikombe chini. Mlinzi wa shule ya jirani anasema kisima chao nacho kimeanza kutoa chumvi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa guu lenyewe ni la mtaa mzima.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na majirani wote wanaokunywa kutoka chini ya ardhi hii. Mwanawe ameizima pampu kabla ya kuja makaburini. Anataka kujua kama chumvi ikishapanda hushuka, na wa kumuuliza ndiye huyu tunayemzika.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tusipumzike.