Mwalimu Raheli Ndimbo, Aliyekataa Fizikia Ifutwe

Ndugu, majirani wa Rahaleo, walimu na wanafunzi, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni Anna, mdogo wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, maana tangu jana yapo maneno yanazunguka hapa msibani kuhusu shemeji yangu Filipo. Eti amekwenda kazini mkewe akiwa hajazikwa. Haya, nisikilizeni hadi mwisho.

Marehemu Raheli Andrea Ndimbo alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Andrea Ndimbo na Mama Yustina. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Siku moja Baba alimkuta amefungua mgongo wa saa ya nyumbani, akamwuliza anatafuta nini. Akajibu, "Natafuta kinachoisukuma." Alichapwa, akalia, kisha akauliza tena.

Alisoma shule ya misheni palepale Liuli, akaendelea na sekondari, na mwaka 1965 alimaliza mafunzo ya ualimu Dar es Salaam. Wenzake walimshauri achukue sayansikimu, akajifunze kupika keki. Yeye akachukua fizikia na hesabu. Keki hakuwahi kujua kuzipika, na sisi nduguze ni mashahidi.

Januari 1966 alipangiwa kufundisha hapa Mtwara. Maabara ilikuwa chumba chenye meza tu. Hakulalamika. Alifundisha kanuni za Newton kwa springi ya kitanda na mawe, na pendulamu aliining'iniza kwenye fremu ya mlango, kila anayeingia ainame.

Mwaka 1967 alitaka kuonyesha jambo gumu zaidi: kwamba nuru huja kwa vifurushi, na kila kifurushi kina nguvu yake. Kwa hilo alihitaji mwanga wa kuchomelea vyuma, akaenda karakana ya bandarini. Fundi aliyekuwapo ni Filipo Mbawala. Filipo husema mwenyewe, "Alikuja kuulizia mwanga, hata salamu yangu hakuiitikia vizuri." Walifunga ndoa tarehe 6 Julai 1968, na Mungu akawajalia Yohana na Rozalia.

Chombo chake kilikuwa elektroskopu. Ni chupa ya kioo yenye waya uliopitishwa kwenye kizibo cha nta. Chini ya waya kuna kijikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara, na kwenye ncha ya juu ya waya kipande cha zinki kutoka betri kuukuu ya redio, kilichosuguliwa kikang'aa. Ukisugua kitana kwenye nywele ukakigusisha, kijikaratasi kinainuka. Umeme ukitoka, kinalala. Sasa, taa ya karabai, hata ikiwaka kama mchana, hailazi kijikaratasi kile. Mwanga wa kuchomelea unakilaza mara moja, maana vifurushi vyake ni vizito, vinang'oa elektroni kwenye zinki. Dada alikuwa akiwaambia wanafunzi, "Watoto mia wenye vijiti hawang'oi kisiki cha mkorosho. Leteni mtu mmoja mwenye shoka."

Mwaka 1972 alikuja mkaguzi. Siku hiyo kijikaratasi kililala chenyewe, mwanga haujawashwa. Mkaguzi akacheka mbele ya darasa. Akasema ataangalia tena mara moja tu, mwaka 1974, na akikuta mambo ni yale yale, fizikia itafutwa shuleni na wanafunzi wahamie masomo mengine. Dada alirudi nyumbani akaniambia, "Anna, ameniudhi sana. Hafuti mtu."

Alitambua kuwa adui ni unyevu wa pwani: hewa ikiwa na maji, umeme unavuja. Akawatuma wanafunzi walete chokaa ya kukausha hewa ndani ya chupa. Jamani! Wakaleta ile ya kupaka nyumba, iliyokwisha kumwagiwa maji, maana pwani hii nani anabeba chokaa mbichi? Kijikaratasi kikalala upesi kuliko mwanzo. Dada akaenda mwenyewe Mikindani, kwenye tanuri la Mzee Bakari. Mzee akamwambia, "Mwalimu, mbichi itakuunguza, halafu watu waseme Bakari amekuua." Akajibu, "Nipe, mzee wangu. Nikiungua nitanyamaza." Akaja nayo kwenye kopo la maziwa ya unga lililozibwa kwa nta. Kuanzia hapo kijikaratasi kikasimama.

Mapema mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Miguu ilivimba, akafundisha akiwa amekaa. Septemba alilazwa. Jumatatu alimwambia mumewe, nami nipo na Mama yupo, "Jumatano mkaguzi anakuja. Nikiwa sipo, wewe upo. Usikae mkekani, baba Yohana. Niahidi." Shemeji akaahidi huku analia. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1974, dada yetu akatutoka.

Basi jana Jumatano, tukiwa bado tunamsubiri kaka kutoka Songea, Filipo aliondoka mkekani akaenda karakana. Ndiyo, alikwenda. Halima na Athumani wa Kidato cha Nne walibeba chupa. Mkaguzi alisimama pale. Kijikaratasi kikainuka, kikasimama. Wakawasha karabai, hakikutikisika. Kisha shemeji yangu, macho yamevimba kwa kilio, akawasha mwanga wa kuchomelea nyuma ya bati lililotobolewa tundu la kuupitishia. Kikalala. Wakaweka katikati kioo cha dirisha, ambacho hupitisha mwanga lakini huzuia vile vifurushi vizito, wakachaji upya, hakikulala. Wakaondoa kioo, kikalala. Mkaguzi akavua kofia, akasema, "Somo linabaki. Mpeni pole mwalimu wenu." Alijua anaumwa tu, hakuwa ameambiwa kwamba amefariki. Halima ndiye aliyemwambia.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, kaka mmoja, mimi, na somo la fizikia katika shule yake.

Kuna wazee waliosema udongo wa kwanza atie kaka, kwa kuwa mume aliuacha msiba. Wazee wangu, shikamooni, lakini hapana. Shemeji Filipo, njoo mbele. Tia udongo wewe. Dada, Bwana akupumzishe kwa amani; mume wako ametimiza.