Pua Katikati, Chuma Laini Ubavuni: Tunamuaga Mzee Gwalugano

Mzee Gwalugano Kibona, fundi mkuu wa visu katika karakana yetu ya ushirika hapa Tunduma, anastaafu tarehe 27 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Alitoka Isongole mwaka 1991 na nyundo ya marehemu baba yake na suruali moja ya kazi, ambayo wakongwe wanasema ilishika moto wiki ya kwanza.

Siku hizo visu vyake vya kuwindia vilikuwa vya pua tupu, yaani chuma kigumu, iliyotokana na tupa chakavu za kunolea. Hapakuwa na vikali zaidi mpakani. Mwaka 1996 Moses, mwindaji wa Ivuna mwenye kibali, alikuwa anachuna nyati kisu kikavunjika na kumkata vidole viwili. Alikuja karakana na bandeji mkononi, akaweka vile vipande mezani.

"Ndugu yangu, kisu chako kikali, ila hakijui kupinda," alisema, kisha akaomba maji ya kunywa.

Gwalugano alimpa maji. Alizunguka kwa basi na baiskeli kukusanya visu vyote kumi na tisa alivyokwisha kuuza. Alirudi na kumi na vinane; Rozi, mama lishe wa Iyula, alimfukuza kwa mwiko akisema chake hakina kosa.

Akaanza upya. Alibana kipande cha pua kati ya vipande viwili vya chuma laini, akavichoma mpaka vikawa vya manjano, akavifua viwe kitu kimoja. Miezi mitatu viliachana tu. Wa nne, kimoja kilishika. Alikibana kwenye jiliwa, akakipinda mbele yetu sote, kikarudi kimenyooka. Alikaa chini, akalia. Kesho yake alikipeleka Ivuna. Moses anakitumia hadi leo. Kipini chake nimekibadilisha mwenyewe mara mbili.

Wateja wa Nakonde walipouliza siri yake, aliweka biskuti kati ya vipande viwili vya mkate, akaeleza kwamba ngumu hukata na laini huilinda. Akimaliza somo, alilila. Tulijua siku ya wateja wengi hatakula mchana.

Mafundi sita waliopo leo wamepita mikononi mwake. Hakuna aliyeona kasoro kwenye kazi yake, lakini Aprili alituita mwenyewe. "Macho yangu hayatofautishi tena moto wa kuunganisha na moto wa kuunguza. Bora niseme mimi kabla kisu hakijasema."

Tutaimiss ile nyundo yake, mapigo matatu na pumziko moja, ambayo majirani walijulia kwamba kumekucha.

Asante, Mzee wetu. Mkeo, Mama Tupokigwe, amengoja miaka yote hii mle pamoja chakula cha mchana. Nenda ukale polepole, Mungu akujalie siku nyingi na mahindi mazuri Isongole. Hapa moto unawaka, na tunauangalia kwa macho uliyotupa.

Tusekile, Kitengo cha Vipini