Zamu ya Darubini

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la fundi cherehani, na ukikaa pembeni bila kuangalia utajikuta chini. Hapo ndipo anapopumzika kila mchana fundi mwenyewe, Jemadari, na wenzake wawili: Spana wa gereji na Dozi wa duka la dawa, huku birika la kahawa likizunguka. Jina la Jemadari limetokana na mchezo wake wa vita. Vifungo ni askari, bobini za uzi ni mizinga, dadu ikirushwa watu wanakufa, na yeye hajashindwa tangu mvua zilizopita.

Siku hiyo hakuna aliyecheza. Jemadari alikuwa hana raha hata kidogo. Darubini, yule dada wa maabara ya hospitali, alikuwa amepata kazi mji wa mbali, mji wa baridi, na kabla ofisi hazijafungwa jioni hiyo alitakiwa aseme anakwenda au hakwendi. Jumatatu alileta dukani koti lake zito litiwe kifungo, akamuuliza Jemadari, wewe unasemaje? Na Jemadari, ambaye kwa yule dada alikuwa hali wala halali, akamjibu kama yuko mchezoni.

— Nilimwambia, sasa ni zamu yako.

— Akasemaje? akauliza Dozi.

— Akatazama saa. Akaondoka mbio.

Toka hapo kimya. Jemadari anamsubiri acheze, na dada hachezi.

Spana akaona hakuna kosa hapo. Mtu anayepigana vita kila mchana, alisema, hakurupuki. Kichwa chake kimezoea kupima. Yeye mwenyewe tangu afundishwe mchezo huu hajanunua kiatu kinachombana.

— Juzi umemfungia mteja usukani wa gari la mwenzake, Dozi akamkumbusha.

— Si aliendesha akafika?

Dozi akasema mchezo wenyewe ndio unaowaharibu. Kifungo kikifa leo kinarudi kwenye kopo lake, kesho kiko vitani tena, mzima kabisa. Sasa huyu ndugu yetu amezoea hivyo, anadhani na dada akiondoka atamkuta koponi. Jemadari akacheka kidogo, ingawa ndivyo hasa alivyokuwa akidhani.

Spana hakutaka maneno, alitaka ushahidi. Akamwaga kopo la vifungo kwenye benchi. Kifungo cheusi akakifanya bosi mpya wa dada. Mkasi ukawa basi la kesho alfajiri, atakalopanda dada akikubali kazi. Kipande cha chaki kikawa mama yake Darubini, maana ukishamteka mama mkwe, alisema, ngome yote imeanguka. Jemadari atangulie usiku huu huko kwenye baridi, afungue duka mbele ya hospitali mpya, dada akishuka kwenye basi amkute ameshapiga kambi.

Na Dozi, aliyekuwa akiuponda mchezo muda wote, akasogeza kikombe chake akainama.

— Huko ni mbali, unachosha jeshi. Mlete adui kwako. Jemadari augue.

— Niugue nini?

— Ugonjwa usiojulikana. Damu inapelekwa maabara, dada anaipima, haoni kitu. Anapima tena. Atasafiri vipi na hajui unaumwa nini?

Spana akasema hiyo sasa ndiyo akili, akaongeza bobini tatu kuwa wauguzi. Chaki ikasukumwa ikaziba njia ya mkasi. Jemadari, mtu mzima mwenye duka lake, akajikuta anauliza kama ugonjwa huo unaruhusu kunywa kahawa.

— Fundi, koti langu liko tayari?

Darubini alikuwa amesimama nyuma yao na sare yake ya kazini. Hawakumsikia akija. Akainama akatazama benchi, na Spana, akiona aibu imeshawafika, akaamua kumweleza: huyu bosi, hili basi, huyu mama. Darubini akasikiliza mpaka mwisho.

— Na mimi niko wapi?

Wakatazama. Bosi yupo, mama yupo, wauguzi wapo watatu. Dozi akainua kitambaa, kana kwamba dada angeweza kuwa chini yake. Spana akanywa kikombe kisicho na kitu. Jemadari akajisikia vibaya kuliko siku zote za kimya zile, akaingia ndani akatoka na koti.

— Jumatatu ulinikatisha tamaa, Darubini akamwambia. Nakuuliza jambo zito, unanikumbusha kazi.

— Kazi gani? Nilisema ni zamu yako.

— Ndiyo. Zamu ya mchana. Nikaangalia saa, nikaona kweli nimechelewa.

Dozi akakohoa kahawa mpaka kwenye bobini. Jemadari alisimama na koti mikononi, na kwa mara ya kwanza hakuangalia vifungo vimekaaje.

— Usiende, akasema. Nakupenda, na sitaki uende.

Darubini akalipokea koti, akaligeuza, akavuta kifungo kipya kuona kama kimekaza. Halafu akamrudishia.

— Basi litundike tu. Huku hakuna baridi.

Akaenda zake kutoa jibu ofisini, anacheka peke yake. Spana akapiga paja akasema mnaona, mchezo unasaidia. Dozi akaapa kwamba nusura umwangamize mtu. Wakageukia birika wabishane vizuri, wakalikuta tupu, na Jemadari hakuwasikia. Alikuwa ndani, anatafuta msumari wa kutundikia koti.